Gharama za kuondoa mti mkubwa uani: kwa nini mafundi hutaja bei zinazopishana mara tatu kwa mti uleule

Mleta uzi (Mbeya)

Wanajukwaa, salaam kwenu.

Swali la bei ya kukata mti mkubwa ulio karibu na nyumba hujitokeza humu kila mvua zinapokaribia, na jibu linalotolewa mara nyingi ni "inategemea", kisha mjadala unahamia kwingine. Nimeona nieleze inategemea nini hasa, kwa sababu jambo hilo ninalo nyumbani kwa sasa na nimelifuatilia kwa undani. Wenye ujuzi kunizidi wataongezea.

Kiwanjani kwangu kuna mlingoti, yaani mkaratusi, uliopandwa na mwenye kiwanja aliyenitangulia, pengine kwa nia njema ya kupata kivuli na nguzo, ambao sasa umeipita nyumba kwa urefu mara nne na umeelemea kidogo upande wa barabara ya mtaa. Upande mmoja wake lipo jiko la nje lenye paa la bati, upande wa pili upo ukuta wa jirani, na chini ya matawi unapita waya wa umeme unaotoka kwenye nguzo kuja nyumbani. Fundi wa kwanza alitaja shilingi 250,000. Wa pili alisema 450,000. Wa tatu aliuzunguka mti kimya, akatazama juu kwa muda mrefu, akapima upana wa lango kwa hatua zake, ndipo akataja 900,000.

Nilipowarudia na kumuuliza kila mmoja anafanya nini kwa fedha hiyo, ilidhihirika kwamba walikuwa wakitaja bei za kazi tatu tofauti. Wa kwanza alikuwa anauza kuangusha peke yake: mti ukishalala chini, yeye anazima mashine na kuondoka, na kilichobaki ni changu, pamoja na bati la jiko kama litakuwa limeguswa. Wa pili alikuwa ameongeza kuukata vipande, lakini matawi na majani alikuwa anayaacha palepale, na kwa mlingoti majani hayo ni lundo la kuziba njia yote ya kuingilia. Wa tatu alikuwa amehesabu kupanda juu, kushusha matawi na shina kwa kamba kipande kwa kipande, kubeba kila kitu hadi nje ya lango, kukata kisiki usawa wa ardhi, na kutengeneza ukuta wa jirani kama utavunjwa na kazi yake. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "kwetu Ilomba wanakata kwa laki mbili na nusu", kabla hujaona wivu muulize kwanza hiyo laki mbili na nusu iliishia wapi.

Unene wa mti hueleza sehemu ndogo tu ya bei. Kinachoipandisha ni nafasi, maana yake mahali ambapo mti unaweza kulala bila kugusa kitu. Kuna njia rahisi ya kujua urefu wa mti bila kuupanda. Chukua kijiti chenye urefu sawa na umbali wa kutoka jichoni hadi kwenye ngumi yako mkono ukiwa umenyooshwa, kishike wima, kisha rudi nyuma hadi kijiti kionekane kuufunika mti wote kuanzia shina hadi kilele. Umbali kutoka ulipo hadi kwenye shina ndio urefu wake kwa makadirio. Wa kwangu unakaribia mita 22. Kiwanja changu ni mita 20 kwa 25, na nyumba imekaa katikati. Mti wa namna hiyo hauna mahali pa kulala ndani ya kiwanja, na barabara ya mtaa siyo yangu, kwa hiyo hata kama fundi angekuwa na mkono wa dhahabu, kuuangusha mzimamzima hakupo kwenye mjadala.

Jambo la pili ni uzito. Zungusha futi kamba kwenye shina usawa wa kifua. Ukipata sentimita 188, unene wake ni sentimita 60. Shina la unene huo, kwa kila mita moja ya urefu, lina ujazo wa takriban robo ya mita ya ujazo na kidogo, na mlingoti mbichi una uzito unaokaribia tani moja kwa kila mita ya ujazo, kwa hiyo mita moja ya gogo ni kama kilo 280. Hakuna vibarua wawili wa kulinyanyua. Fundi atalazimika kulikata vipande vya sentimita 30, ambavyo kila kimoja kina kilo 85 hivi, ili watu wawili wakiviringishe au wakibebe hadi langoni. Kama lango lako ni la upana wa mlango, kama yalivyo mengi ya nyumba za zamani kule mtaa wa Forest hapa Mbeya, toyo, ile pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu, haiingii, na kila kipande kitatembea kwa mikono. Hapo ndipo fedha inapokwenda, na fundi yule aliyepima lango alijua anachokifanya.

Kuhusu vibali, kila halmashauri ina sheria ndogo zake, hivyo siwezi kuwaandikia utaratibu mmoja wa kila mahali. Mimi nilianza ofisi ya serikali ya mtaa, nikaelekezwa kwa afisa misitu wa halmashauri, na sikuona sababu ya kuruka hatua hizo hata kama mti ni wa kupandwa na uko ndani ya uzio wangu. Mti wa asili kama mvule au mninga una masharti makali zaidi chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002. Aliye karibu na mto au chemchemi naye akumbuke kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli zinazoharibu ndani ya mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji. Waya wa umeme usiguswe na fundi yeyote wa chensoo. Andika barua TANESCO, waombe waje kuushusha au kuuzima siku ya kazi, na tarehe ya kazi ifuate tarehe yao.

Ninaomba wenye uzoefu wachangie mambo mawili: kisiki cha mlingoti kinashughulikiwaje ili kisichipue tena, na je, kuni au mbao zitakazopatikana zinaweza kupunguza gharama kwa kiasi gani?

Fundi wa chensoo (Mafinga)

Mkuu, umeeleza kama mtu wa kazi hii. Mimi ninaishi kwa mashine, kwa miaka mingi nimekata kwenye mashamba ya miti ya huku Mufindi kabla sijaanza kuitwa kwenye makazi ya watu, kwa hiyo nitaeleza upande wa fundi ambao wateja wengi hawauoni.

Shambani mti unaangushwa kwa dakika chache kwa sababu una pa kuangukia na hakuna mtu ndani ya umbali wa mara mbili ya urefu wake. Tunakata mdomo, yaani pengo la umbo la kabari, upande tunaotaka uangukie, kina cha robo hadi theluthi ya unene, kisha tunakata nyuma yake, juu kidogo ya usawa wa mdomo, tukiacha katikati ukanda wa mti usiokatwa, kama sehemu moja ya kumi ya unene. Ukanda huo ndio unaouongoza mti kushuka kama bawaba inavyouongoza mlango, na anayeukata wote kwa haraka amekabidhi uamuzi kwa upepo. Mlingoti ulioinama upande mmoja una hatari nyingine: shina linaweza kupasuka kwa urefu kabla mkato wa nyuma haujakamilika, na kipande kikaruka nyuma usawa wa kichwa cha mkataji. Fundi anayejua atauona mwinamo huo na kuuhesabu kwenye bei. Asiyejua atakupa bei nafuu.

Uani kazi ni nyingine kabisa. Anapanda mmoja akiwa na mkanda na vyuma vya miguuni, anafunga kila tawi kabla ya kulikata, na chini wanakuwepo wawili wa kushika kamba ambao hawaruhusiwi kushughulika na simu wala soga. Kamba inapitishwa kwenye panda imara ya mti na kuzungushwa kwenye shina la chini ili msuguano upokee uzito, siyo mikono. Ninawasihi wateja watazame kamba za fundi kabla ya kumtazama fundi mwenyewe. Kamba ya katani iliyokaa kwenye mvua inaoza ndani wakati nje bado inapendeza.

Katika bei yangu ninahesabu petroli na oili ya kuchanganyia, na uchakavu wa mnyororo. Hilo la mnyororo ni la miti ya majumbani hasa. Mti wa uani umepigiliwa misumari ya kibao cha namba ya nyumba, umefungwa waya wa kuanikia nguo, umetundikiwa taa, na mlingoti unavyonenepa unavimeza vyote hivyo hadi nje haionekani alama yoyote. Mnyororo ukikutana na msumari, meno yanakufa papo hapo. Kabla sijawasha mashine ninamuuliza mama mwenye nyumba waya wa nguo ulikuwa unafungwa wapi miaka iliyopita, na jibu lake lina thamani kuliko kupima kwangu. Mteja anayenieleza ukweli wa mti wake ninampunguzia.

Mwisho, kuna wale wanaosema "usiutoe, kata kichwa tu, ni nusu ya bei". Kwa mlingoti ninakataa kazi hiyo. Ukiukata kichwa unachipua machipukizi mengi yaliyoshikamana na gome la nje tu, yanakua kwa kasi, na baada ya miaka michache una matawi mazito yasiyo na mshiko juu ya paa lilelile. Utaniita tena na utalipa mara ya pili, safari hii kwa kazi ya hatari zaidi. Mgrivelia na mparachichi zinavumilia kupogolewa, lakini siyo kwa kukatwa kichwa hovyo.

Mchangiaji (Iringa Mjini)

Kamwene wakuu. Mimi nashangaa mtu analipa laki tisa kuondolewa mali yake. Mlingoti wa mita 22 si ni nguzo hiyo? Kule Njombe watu wanasomesha watoto kwa milingoti. Mtafute mnunuzi, akate mwenyewe, abebe mwenyewe, akuachie na fedha juu.

Muuza mbao (Makambako)

Ndugu wa Iringa, hesabu hiyo nimeisikia mara nyingi kutoka kwa wateja wa mijini, na ninaomba niijibu kwa upole kwa kuwa hii ndiyo biashara yangu.

Wanaosomesha watoto kwa milingoti wana ekari za miti iliyopandwa kwa nafasi, iliyonyooka, ya umri mmoja, na iliyo mahali gari linapofika. Mnunuzi anakuja na timu yake, anakata mamia, anajaza gari. Mti mmoja wa uani haumlipi hata mafuta ya kuja kuutazama. Kiwanda cha nguzo kinataka mti mrefu ulionyooka usio na panda wala kidonda, na huo wa mleta uzi umeinama. Tena kwa kuwa una waya na ukuta pembeni, lazima ukatwe vipande vifupi ukiwa umesimama, na gogo la sentimita 30 siyo nguzo wala mbao.

Tuseme hata uwe na nafasi na upate magogo ya mita nne. Mashine zetu za kupasulia mbao, hizi tunazoziita ding-dong, zikikutana na msumari zinakula msumeno vilevile kama chensoo inavyokula mnyororo, na mwenye mashine akishaambiwa gogo limetoka kwenye ua wa mtu anakataa kulipasua au anataka fidia ya msumeno mapema. Mbao za mlingoti zenyewe, zikianikwa bila uangalifu, zinapinda na kupasuka ncha. Na ukitaka kuyatoa magogo hayo mjini kuyapeleka kwingine, unahitaji hati ya kusafirishia mazao ya misitu, maana kwenye vizuizi vya barabarani hakuna atakayekuamini kwa maneno kwamba mti ulikuwa wako.

Kinachouzika ni kuni. Mlingoti una moto mkali, na wachoma matofali na mama lishe wanaununua. Lakini kuni mbichi hazina bei nzuri, zinahitaji kupasuliwa na kukauka miezi kadhaa, na upasuaji ni kazi ya shoka ambayo nayo inalipiwa. Unachoweza kufanya kwa faida ni kukubaliana na fundi achukue kuni zote kama sehemu ya malipo, mradi azibebe mwenyewe. Hapo unaokoa gharama ya usafiri, na hiyo ni fedha ya kweli. Kama mti wako ni mgrivelia ulionyooka, nifuate tuzungumze, kwa maana mbao zake zinapendwa na mafundi samani. Mlingoti mmoja, hapana.

Mchangiaji (Tukuyu)

Shikamooni wakubwa, na vijana poleni na kazi. Kwangu ni mparachichi wa kienyeji, mkubwa, mizizi yake imeinua sakafu ya choo cha nje na matawi yamelala juu ya paa. Fundi ametaja 350,000 kuutoa wote pamoja na kisiki. Huku kwetu Rungwe mvua hainyeshi kwa ratiba, udongo ni laini karibu mwaka mzima, na nimeogopa kumpandisha kijana wa watu kwenye mti unaoteleza. Kuna njia ya bei ndogo kuliko hiyo? Ndaga fijo.

Fundi wa chensoo (Mafinga)

Mama, marahaba kwa niaba ya wakubwa, na shikamoo kwako. Mparachichi siyo mlingoti. Matawi yake ni mepesi kukatwa na ni mafupi, kwa hiyo nusu ya kazi inaweza kufanywa kwa ngazi na msumeno wa mkono bila kupanda kileleni. Kama kinachokusumbua ni matawi juu ya paa, yaondolewe hayo kwanza kwa kukata karibu na shina bila kuacha vibutu vinavyooza, na gharama itakuwa ya vibarua wawili wa siku moja. Kama ni choo, hapo mizizi ndiyo yenye kesi, na kuupogoa mti juu hakutakusaidia chini.

Muuza mbao (Makambako)

Naongezea kwa mama wa Tukuyu. Usilipe kisiki kabla hujafikiria jambo moja: mparachichi ukikatwa kwa urefu wa mita moja hivi kutoka ardhini unachipua vizuri, na machipukizi yake yanaweza kubebeshwa vikonyo vya Hass, ile aina ya parachichi ya biashara. Wakulima wengi wa huko kwenu wanafanya hivyo kwenye miti ya zamani. Mti unabaki mfupi, wa kuchuma kwa mkono, na paa linapona. Kama kweli mizizi ndiyo inayoinua choo, choo cha nje kinaweza kuhamishwa kwa gharama inayokaribia hiyo laki tatu na nusu. Pima kati ya hayo mawili.

Mchangiaji wa pili (Iringa, Kihesa)

Naomba nichukue swali la kisiki, kwa kuwa ndilo ambalo watu hulisahau hadi fundi ameshaondoka, na baada ya hapo linageuka kazi ya pekee yenye bei ya pekee.

Kwanza ujue aina ya mti. Msindano na mseprasi zikikatwa chini hazichipui tena, hivyo unaweza kuacha kisiki kioze chenyewe kama hakikukwazi. Mlingoti unachipua, tena kwa nguvu, na ndiyo sababu wenye mashamba huvuna mara ya pili bila kupanda. Ukiacha kisiki bila kukishughulikia, baada ya mvua moja utakuwa na kichaka, na baada ya miaka michache una milingoti mitatu badala ya mmoja.

Njia ya bei ndogo ni dawa. Kisiki kikatwe chini kabisa, na mara baada ya kukata, siyo kesho yake, ipakwe dawa ya kuua magugu yenye glaifosati kwa kufuata maelekezo ya lebo, hasa kwenye mduara wa mti ulio hai, ule mwembamba ulio chini tu ya gome. Katikati ya kisiki hapahitaji, maana ni mti uliokwisha kufa siku nyingi. Ukichelewa, mduara huo unakauka na dawa hainyonywi. Avae glavu anayepaka, na asipake mvua ikinyesha. Machipukizi machache yatakayojitokeza yang'olewe yakiwa madogo.

Njia ya pili ni kung'oa kwa mikono: sururu, shoka na mtalimbo. Mizizi mingi ya mlingoti imetambaa pembeni kwenye udongo wa juu, kwa hiyo vibarua wanachimba mfereji kukizunguka kisiki, wanaikata mmoja mmoja, kisha wanakigeuza. Ni kazi ngumu inayohitaji watu wenye subira, na bei yake hupatanwa kwa kisiki kizima, siyo kwa kutwa, vinginevyo kutwa hizo hazitakwisha. Kijiko, ile mashine kubwa ya kuchimbia, kinafanya kazi hiyo kwa muda mfupi sana, lakini kinalipiwa kwa saa pamoja na gari la kukileta, na hakiingii bila kubomoa uzio. Kinafaa pale ambapo majirani kadhaa wana visiki, wakachangia siku moja.

Kuchoma ninakukataza kama nyumba iko karibu. Moto unaingia kwenye mizizi na kutembea chini kwa chini siku nyingi bila kuonekana. Vilevile, kisiki kilicho jirani na msingi kisivutwe kwa gari wala kijiko, kwa sababu mizizi iliyopita chini ya msingi itauinua pamoja nayo. Ikatwe mizizi, kisiki kitoke peke yake, shimo lijazwe udongo kwa tabaka na kila tabaka lishindiliwe. Pasijengwe kitu cha uzito juu yake hadi msimu wa mvua upite na udongo utulie.

Mchangiaji (Iringa Mjini)

Nimeelewa kuhusu mbao. Swali langu la mwisho: ni wakati gani wa mwaka bei inakuwa nzuri? Na fundi akianguka kutoka juu ya mti wangu, ni nani anayebeba mzigo?

Fundi wa chensoo (Mafinga)

Kwa huku kwetu, Juni na Julai ndiyo miezi mizuri. Ardhi imekauka, toyo na Fuso hazizami, na upepo wa Agosti kuelekea Oktoba haujaanza kusukuma vilele. Wateja wengi hutupigia simu Novemba, mvua ya kwanza ikishaangusha mti wa jirani, na wakati huo kila mwenye mashine ana foleni. Anayetaka nafuu asisubiri kuogopa.

Kuhusu kuanguka, wengi wetu ni mafundi binafsi. Fundi aliyeajiriwa na kampuni iliyosajiliwa huchangiwa na mwajiri wake kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na akiumia kazini mfuko unahusika. Fundi wa mtaani aliyekuja na mashine begani hana wa kumchangia. Akiumia, familia yake itakuja kwako, na hata kama sheria haikubani, majirani wanakutazama. Hiyo ni sehemu ya tofauti kati ya bei ya kampuni na bei ya fundi wa mtaani, na mteja ana haki ya kuamua akiwa anaijua. Angalau hakikisha anayepanda ana mkanda, kofia ngumu, na hajanywa kitu asubuhi hiyo. Mimi nimewahi kurudisha kijana nyumbani kwa harufu tu.

Mleta uzi (Mbeya)

Nawashukuru wote. Baada ya michango hii nilirudi kwa fundi wa tatu, yule wa 900,000, nikamwomba avunje bei yake vipande vipande, na kwa kuwa sasa nilijua cha kuuliza, mazungumzo yalikuwa mafupi. Tumekubaliana 300,000 kwa mashine, mpandaji na kushusha kwa kamba. Vibarua wanne kwa siku mbili, kila mmoja 15,000 kwa siku, ambayo ni 120,000. Safari nane za toyo za matawi kwa 10,000 kila moja, ambazo ni 80,000. Na kisiki kung'olewa kwa mikono kwa 100,000, kwa kuwa kiko mbali na msingi. Jumla ni 600,000. Magogo na kuni nzito anachukua yeye na kuzibeba kwa gari lake, na hapo ndipo sehemu kubwa ya punguzo ilipotoka. Nyingine imetoka kwenye lango: nimekubali kufungua kozi chache za tofali pembeni yake ili toyo iingie ndani, na kuzirudishia ni juu yangu.

Bei hizi ni za mti wangu na kiwanja changu. Mtu asizibebe kwenda kumbana fundi wa Njombe au Tunduma.

Makubaliano tumeyaandika karatasi moja na kusaini mbele ya mwenyekiti wa mtaa, na jirani mwenye ukuta naye amesaini kwamba amejulishwa. Yanataja kazi inaanzia wapi na kuishia wapi, nani anatengeneza ukuta au bati likivunjika, matawi yanatupwa wapi, maana kuyamwaga mtaroni ni ugomvi na mtaa mzima, na kwamba hakuna mtu atakayepanda kabla waya wa umeme haujashushwa. Kuna mtu ameniuliza faragha kuhusu malipo ya awali. Fundi aliomba nusu.

Fundi wa chensoo (Mafinga)

Nusu ni nyingi, mkuu, na ninasema hivyo nikiwa upande wa mafundi. Mpe ya petroli, oili na nauli ya vibarua. Mlipe kiasi kikubwa shina likishalala na vipande vikiwa nje ya lango, na ubakize ya kisiki mpaka uone shimo limejazwa. Ukishalipa yote mti ukiwa chini, kisiki hakina tena wa kukishughulikia, kwa sababu kuna mteja mwingine anasubiri na kazi ya sururu hakuna anayeipenda.

Mleta uzi (Mbeya)

Nimemweleza hivyohivyo na amekubali: 100,000 mwanzo, 400,000 shina na matawi yakishatoka, 100,000 kisiki kikishafukiwa. TANESCO wamepokea barua na wamesema watanijulisha siku ya kushusha waya. Wakiisogeza, na sisi tutasogeza.